Projekta ya gofu ya ndani: uwiano 1.3 utafaa chumba cha mita 6?

mtupu_wa_chuma7: Wakuu, chumba kina upana wa mita 4, urefu 6, dari 2.8. Turubai la kupigia ni mita 3 kwa 2.25, mpira utakaa mita 3 kutoka kwenye turubai. Nimepata projekta ya bei nzuri: lumeni 3600 (ukali wa mwanga), uwiano 1.3 (umbali wa lenzi hadi turubai ukigawanywa kwa upana wa picha). Ninunue, au niweke TV ya inchi 65 na wavu?

fundi_dari: Hiyo achana nayo. Zidisha uwiano kwa upana wa picha: 1.3 × 3 = mita 3.9, ukipima kutoka kwenye lenzi. Itaning'inia sentimita 90 nyuma ya mpira, palepale fimbo inapopanda ukivuta nyuma. Draiva, fimbo ndefu kuliko zote, ina zaidi ya mita moja. Utaigonga, na kabla ya hapo mikono itakuwa inakata mwanga. Tafuta ya 0.6: inakaa mita 1.8, mbele yako. Ila kwa 0.6, kosa la sentimita 10 kwenye dari linabadilisha upana wa picha kwa karibu sentimita 17. Washa kwanza, ndipo utoboe.

kijani_18: Mkuu kasahau umbo la picha. Turubai lako ni 4:3. Projekta ya 16:9 ikijaza mita 3 inakupa kimo cha 1.69 tu, sentimita 56 zinabaki tupu. Ya 16:10 inafika 1.88, mimi ningechukua hiyo na kuziba sehemu ya chini kwa kitambaa cheusi.

Na usiinamishe projekta halafu utegemee kistoni, yaani marekebisho ya picha iliyopinda. Inanyoosha picha kwa kutupa pikseli, na maandishi ya yadi yanafifia. Soma kwenye maelezo lenzi inatakiwa iwe juu ya ukingo wa picha kwa kiasi gani.

mtupu_wa_chuma7: Zile za 0.25 je?

fundi_dari: Hapana. Itakaa sentimita 75 kutoka kwenye turubai, na mwanga wake unapita karibu sambamba na kitambaa. Turubai la kupigia halikazwi kama ubao, kwa hiyo kila kikunjo kidogo kinapinda picha. Ukiiweka sakafuni, ndiyo inapokea mipira.

kijani_18: TV sawa kwa kuanzia, lakini ubavuni, si nyuma ya wavu. Wavu unavutika mpira unapofika, na kioo hakihitaji mipira miwili. Lumeni 3600 zingetosha, tatizo ni taa: ya juu ya mkeka iwe na kifuniko, isimulike turubai.

mtupu_wa_chuma7: Poa, natafuta 0.6 ya 16:10.