Niliacha famasia, naendesha basi: nyumbani niwaambieje?

Kutoka: Dada wa Nguba, Liège

Bandugu, jambo kwenu wote.

Usingizi umenikimbia, na leo naona afadhali niwaulize waliopita njia hii kuliko kuendelea kuhesabu taa za barabarani dirishani.

Nilikuja Ubelgiji kusomea famasia. Baba mdogo aliuza parseli yake, kiwanja chake cha Panzi, ili nipate tiketi na pesa ya kuonyesha ubalozini. Mwaka wa nne nilianguka mara mbili. Mara ya tatu sikujaribu. Siyo kwamba masomo yalinishinda tu. Nilikuwa nasoma vitu ambavyo nikifunga daftari sivikumbuki wala sivitamani. (Makaratasi yangu ya ukaaji yalikuja kukaa sawa kwa njia nyingine. Msiniulize, hiyo ni barua ya peke yake.)

Kampuni ya mabasi ya umma ilikuwa inatafuta madereva na inawafundisha yenyewe hadi permi D, ile leseni ya basi. Nikaingia. Huu ni mwaka wa pili. Zamu zangu nyingi zinapanda Sart-Tilman, kule juu chuo kikuu kilipo. Mara nne kwa siku nasimama karibu na jengo nililosomea, nafungua mlango, wanafunzi wanashuka na makoti meupe mkononi, nafunga, naenda zangu. Ajabu ni kwamba haliniumi. Napenda kazi hii. Napenda saa kumi na nusu alfajiri, basi lingali baridi, usukani mpana kama ungo. Liège ni milima kama kwetu Bukavu, na aliyezoea kushuka kutoka Kadutu siku ya mvua haogopi mteremko wa hapa.

Kinachoniumiza ni simu. Mama anasema kanisani, "Binti yangu ni famasiani Ulaya." Jirani akiandikiwa dawa, karatasi inapigwa picha na kutumwa kwangu: anywe ngapi? Mwezi uliopita mtu wa mtaani alinitumia picha ya vidonge, na mtoto ana homa kali. Nikajibu, "Mpelekeni kituo cha afya sasa hivi," nikazima simu, nikabaki nimesimama jikoni natetemeka. Siku nyingine nikiona haya kusema sijui, nitajibu nini?

Nina maswali mawili. Ninyi mliwaambiaje? Na hapa mnaongea na nani, mtu asiye wa ukoo?

Kutoka: Papa wa Himbi, Bruxelles

Mwanangu, nitakujibu kama mzazi, usinikasirikie.

Hii lugha ya kila mtu na njia yake tumeiokota huku. Tangu waasi wa M23 waingie Goma mwishoni mwa Januari 2025, halafu Bukavu katikati ya Februari, umesikia jinsi benki zilivyofunga milango. Dada yangu wa Himbi anakula kile kinachoingia kwenye simu yake, na mwenye kibanda anakata chake kabla hajamhesabia noti. Mtu wa namna hiyo unampigia umwambie nini? Kwamba famasia haikukupendeza? Mama yako ana kitu kimoja cha kumtembeza kichwa juu kanisani. Mwachie.

Kutoka: Mwana wa Katuba, Montréal

Heshima kwako Papa, lakini mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wewe hulali na mzigo huu, analala nao yeye.

Mimi ni mtoto wa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, Lubumbashi. Nyumbani kulikuwa na vyeo viwili: injinia na aibu. Nikasoma UNILU, chuo kikuu cha kwetu, kumfurahisha baba, nikafika huku, nikaishia jikoni kwenye mkahawa, na nikapapenda. Miaka mitatu nilipiga simu za video nimevaa shati na tai, chini suruali ya mpishi inayonuka kitunguu. Siku moja nilikuwa nimeegemeza simu kwenye mtungi wa mafuta, ikateleza, baba akaona aproni. Alinyamaza. Halafu akauliza, "Bukari munapata huko?" Yaani ugali. Tukaongea habari za unga nusu saa nzima. Mpaka leo hajaniuliza habari ya uinjinia. Sisemi aliridhika. Dada zangu wanasema alilalamika mwaka mzima.

Dada, tenganisha mambo mawili. Watu wa nyumbani wanaogopa kwamba cheo kikianguka, pesa itaanguka nacho. Kwa hiyo mimi niliwaambia kazi na kiasi kwa pamoja: dola 150 kila tarehe 5, na akiba ndogo pembeni kwa ugonjwa na msiba. Zaidi ya hapo sina. Kabla ya siku ile kila harusi ya ukoo niliwekewa mchango wa kiinjinia, na sikuweza kukataa, maana injinia anakosaje? Nilichukua deni la kadi kwa ajili ya harusi ya binamu ambaye simjui sura. Deni lile nililimaliza baada ya kusema ukweli, siyo kabla.

Kwa walio Québec: piga 811, chagua 2, utapata mfanyakazi wa jamii usiku na mchana, bila malipo. Mimi nilipiga saa nane za usiku.

Kutoka: Mama Mapacha, muuguzi, Namur

Naona swali la pili wanaume wamelipita mbio, isipokuwa huyo wa Montréal mwishoni.

Dada, Ubelgiji kuna wanasaikolojia wenye mkataba na bima ya afya, wale wanaoitwa wa mstari wa kwanza. Huhitaji barua ya daktari. Kikao cha kwanza ni bure, vinavyofuata ni euro 11, na ukiwa na haki ya BIM, ile nafuu ya bima kwa wenye kipato kidogo, ni euro 4. Vipo pia vya kikundi, euro 2.50. Mutuelle yako, shirika lako la bima ya afya, itakuelekeza walipo. Uliza moja kwa moja, "Uko kwenye mkataba?" Asiye kwenye mkataba atakutoza zaidi sana. Usiku ukiwa mrefu piga 107, ni bure, na hawakuulizi jina.

Najua neno linalokuzuia. Bukavu ukisema unamwona mtu wa mambo ya akili, watu wanasikia Sosame tu, ile hospitali ya wagonjwa wa akili, kwamba umeshaanza kuokota makopo. Nimefanya kazi hii miaka mingi. Wengi ninaowaona wamekaa kwenye viti vile wana kazi, wana watoto, wana usingizi uliokatika kama wako. Kingine: nenda kwa daktari wako wa kawaida umwambie saa unazolala. Unabeba abiria alfajiri.

Kutoka: Papa wa Himbi, Bruxelles

Nimesoma barua ya dada tena. Mara ya kwanza nilisoma mbio, habari ya vidonge sikuishika. Hiyo ni hatari, mtoto wa mtu anaweza kufa. Mwambie mama kabla ya baba mdogo, na umwambie kwa sauti, siyo kwa maandishi. Mengine niliyosema sijayafuta.

Kutoka: Dada wa Nguba, Liège

Bandugu, wiki tatu zimepita. Aksanti sana.

Nilirekodi ujumbe wa sauti mwisho wa laini, injini imezimwa, kabla ya safari ya kurudi. Wa kwanza ulikuwa dakika sita, nikaufuta. Nikafuta na wa pili na wa tatu. Uliokwenda haukufika dakika moja: "Mama, mimi si famasiani. Naendesha basi la umma, nalipwa kila mwezi. Habari za dawa msiniulize tena, nitawaua watu."

Siku mbili kimya, na nilikuwa naona kwamba ameusikiliza. Siku ya tatu alivuka mto Ruzizi kwenda Kamembe, upande wa Rwanda, kuchukua pesa niliyotuma, akanipigia akiwa kule. Swali lake la kwanza: "Hilo basi unalilaza wapi?" Alifikiri ni langu, anaogopa wezi. Nikamweleza habari ya gereji. Ndipo akalia, na mimi nikalia, na salio likaisha. Alipopiga tena alisema, "Baba yako mdogo nitamwambia mwenyewe. Wewe usimwambie."

Kama amemwambia, sijui. Ijumaa baba mdogo ameniandikia minervali, karo ya shule, ya watoto wawili, na habari ya basi hakuigusa. Nimemjibu: tarehe 5, euro 100, kama kila mwezi. Hajajibu. Parseli ya Panzi bado iko kati yetu, na sioni dakika moja ya sauti itakayoimaliza.

Kikao cha kwanza nimekwenda. Anayesikia Kiswahili sikumpata, tuliongea Kifaransa. Nilipofika mahali pa kusema wamenitegemea, neno la Kifaransa nililipata lakini lilikuwa jepesi mno. Nikalisema kwa Kiswahili. Akaniomba nilirudie polepole, akaliandika. Nitarudi Alhamisi.

Jana nilimtumia mama picha nikiwa na sare. Amejibu kwamba nimekonda, na nitume nyingine ambayo basi linaonekana lote.