Naomba ushauri: kivimbe cha ulimi kimekatwa, majibu yananichanganya

Wakuu, habari zenu. Nilikuwa na kivimbe pembeni mwa ulimi, ukubwa wa harage, hakiumi. Nilikaa nacho karibu miaka miwili, kazi yangu kukisugua na meno tu, hadi kikaanza kunikera nikitafuna. Kimetolewa mwezi uliopita.

Daktari aliyekikata alihisi ni nyurofibroma (uvimbe wa neva). Maabara wameandika shwanoma (uvimbe wa seli zinazofunika neva). Wote wanakubaliana si saratani, na hapo nashukuru.

Ripoti inasema kivimbe kina kifuko chake. Ndani kuna sehemu za Antoni A, seli zimebanana na viini vyake vimejipanga safu mbili zinazotazamana kama askari kwenye gwaride, katikati pakiwa patupu (eti ndiyo miili ya Verocay). Sehemu za Antoni B zimelegea, seli chache. Kipimo cha S-100 (rangi ya maabara inayoonyesha seli hizo za kufunika neva) kimeshika kotekote.

Nilivyoelewa, nyurofibroma kwa kawaida haina kifuko, na nyuzi za neva hupita katikati yake, wakati shwanoma huisukuma neva pembeni. Basi maabara wako sahihi, au nakosea? Nauliza kwa sababu nyurofibroma wakati mwingine huenda na ugonjwa wa kurithi, NF1, na nina watoto. Mwilini sina madoa ya rangi ya kahawa wala vivimbe vingine.

Na hili ndilo linaninyima usingizi: ncha ya ulimi bado ina ganzi, upande uleule. Aliyepitia hili, kwako ilichukua muda gani kuisha? Au nirudi kwa daktari mapema?