Mida Creek: mvuvi wa burudani anayemrudisha samaki majini aruhusiwe?

Mtoa mada
Mbuga ya baharini ya Watamu ilitangazwa mwaka 1968, na ndani yake havuliwi kitu. Mida Creek, hori lenye mikoko hapo Watamu, pwani ya Kenya, iko upande wa hifadhi, ambako uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa. Je, mgeni mwenye fimbo na chambo bandia, anayemwachia samaki wake, apewe nafasi humo? Nasema hapana, mpaka yaandikwe masharti yenye meno.

Nahodha wa wageni
Ndugu, masharti yanajulikana. Itumike ndoana ya duara, ile ambayo ncha yake imepindia ndani: samaki akila usishtue fimbo, kaza mshipi taratibu, nayo itamshika pembeni mwa mdomo. Ukishtua inachomoka. Kwenye chambo bandia, ndoana za matawi matatu zitolewe, iwekwe moja, na jino lake, kile kimiba cha nyuma ya ncha, libanwe kwa koleo mpaka lilale. Mshipi mwembamba upigwe marufuku. Kolekole akivutana nao dakika 20 anafika chomboni hoi, ukimwachia anaelea tumbo juu. Wavu wa kuopolea uwe wa mpira, usio na mafundo, kwa sababu mafundo ya nailoni hukwangua ute wa ngozi na vidonda huingia maradhi. Lowesha mikono kabla ya kumshika. Akiwa ameimeza ndoana, kata mshipi karibu na mdomo, usichokonoe. Kwa hiyo ndoana iwe ya chuma kinachoshika kutu, ili iliyobaki ndani iliwe na kutu.

Mlinzi wa mikoko
Zana umezieleza vizuri, maji umeyaruka. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, maji yakipwa sehemu kubwa ya Mida hubaki tope na mifereji. Jua la mchana huyapasha yale yaliyobaki, na maji ya moto hushika oksijeni kidogo. Samaki wamejazana humo humo, ndiyo maana kila mtu hutaka kurusha hapo. Unamchosha samaki, kisha unamwachia mahali asipoweza kupumua vizuri, na mzia, mwindaji wa samaki wenzake, yuko karibu. Wengi humo ni wadogo, maana mikoko ndiyo kitalu chao.

Halafu kuna mizizi. Chewa akinasa hukimbilia chini ya mkoko, mshipi unakatika na kubaki unaning'inia. Nailoni haiozi. Ndege wanaokula topeni hunasa miguu, na kasa pia.

Mvuvi wa dema
Na hesabu je, mabwana? Samaki wa dema, mtego wetu wa kusukwa, hupimwa mzani pwani, kila mtu anaona. Yule aliyeachiwa akafa mikokoni baada ya saa tatu haandikwi popote. Sisi tumekatazwa juya, ule wavu wa kukokota, tukakubali kwa sababu lilikuwa linazoa hata vidagaa na kung'oa nyasi za bahari. Basi kanuni ziwabane wote. Kila chombo cha burudani kichukue kijana wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, aandike aina, urefu, ndoana ilishika wapi, na samaki aliondoka akiogelea au la.

Nahodha wa wageni
Huyo kijana wa kuandika nakubali, na alipwe na mgeni. Mizizi pia: tuvue mita 50 kutoka mikokoni, karibu na mlango wa hori, maji yakijaa.

Mlinzi wa mikoko
Na adhuhuri je, hata maji yakiwa yanajaa? Yale yanayopita juu ya tope lililochomwa na jua huingia mikokoni yakiwa moto. Mimi nataka mwisho uwe saa nne asubuhi.

Nahodha wa wageni
Kuna siku saa nne maji bado yanapwa. Hapo siku nzima imekwenda.

Mvuvi wa dema
Basi siku hiyo msivue.