Vidonda vya mdomoni vinanirudia kila mara, na kazi yangu ni kuonja urojo

mama_chatini:
Assalaam alaykum jamani. Mimi nauza urojo jioni, Unguja. Anayeujua urojo anajua: embe bichi, ndimu, pilipili, na huwezi kumpa mteja bakuli hujaonja. Sasa mimi mdomo hauna raha. Kidonda huanza kwa kuchoma kidogo, ama ndani ya mdomo wa chini ama ubavuni mwa ulimi. Kesho yake kishakuwa cheupe kinachoelekea manjano, pembeni chekundu. Kidogo tu, ukubwa wa dengu, lakini maumivu yanapanda mpaka sikioni. Kinapoa, napumua wiki mbili tatu, kinakuja chengine. Mara nyingi siku zangu zikikaribia. Nimeanza hivi tangu usichana, na marehemu mama alikuwa hivi hivi.

Nilichoambiwa na watu: kula machungwa, huna vitamini C. Chungwa lenyewe likinigusa pale naruka. Duka la dawa wakanipa matone ya fangasi, chupa imekwisha na hali ni ile ile. Shoga yangu akanipaka GV, nikakaa kibandani na mdomo wa zambarau, wateja wananitazama mara mbili mbili. Siku hizi anaonja mwanangu, na kwa huyo mtoto kila kitu kitamu, hata kisichotiwa chumvi.

Hivi ni vidonda gani? Vina dawa au ndiyo nivizoee? Na isije ikawa naambukiza watu.

Baharia_Likoni:
Pole sana dadangu. Mimi vilinianza nilipoacha sigara, yaani badala ya kupewa hongera nikapewa vidonda. Jamaa zangu wakasema si unaona, rudi uvute. Sikurudi. Vilinisumbua miezi ya mwanzo kisha vikapungua vyenyewe. Kilichonisaidia ni maji ya chumvi, nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, nasukutua baada ya kula. Yanachoma mwanzo, halafu panatulia.

tabibu_wa_kinywa:
Mama chatini, shukran kwa kueleza vizuri, maana wengi huandika "naumwa mdomo" basi. Unavyovieleza vinafanana sana na vile tunavyoviita afta. Haviambukizi, kwa hiyo wateja wako wako salama, wewe endelea kutumia kijiko safi kama kawaida ya biashara. Vya homa ni vingine: vile huwa malengelenge, aghalabu nje ya mdomo, na hivyo vinaambukiza. Fangasi nayo huja kama utando mweupe ambao ukiufuta unatoka. Wewe huna utando, ndiyo maana matone hayakufanya kitu.

Afta ndogo hupona yenyewe ndani ya wiki moja hadi mbili bila kovu. Hutembea katika ukoo, mama na mtoto kama ulivyosema, na kwa baadhi ya wanawake hufuata hedhi. Vitamini C si ya kwanza kuishuku. Tunazozitazama ni madini ya chuma, foliki asidi na B12. Nikuulize mambo matatu. Hedhi yako ni nzito? Dawa yako ya meno inatoa povu jingi? Na je, kuna kidonda kinachorudi pale pale kila mara, au vyote vinahamahama?

mama_chatini:
Hedhi nzito, ndiyo, na nikipanda ngazi za ghorofa napumua kama niliyekimbizwa. Dawa ya meno ni ile ya povu tele, mie nikaona ndiyo inasafisha. Na hilo la tatu umenishitua. Vingi vinahama, ila kimoja ubavu wa kushoto wa ulimi ni pale pale siku zote. Upande huo nina gego lililomeguka, nikipitisha ulimi nasikia ncha.

tabibu_wa_kinywa:
Basi usiende kununua kitu kabla ya kwenda kwa daktari wa meno. Hiyo ncha inakukata kila unapozungumza, na hakuna dawa ya kupaka itakayoshindana nayo. Kuisaga ni kazi ya dakika chache, jino likihitaji kuzibwa atakwambia. Kidonda cha pale kikipita wiki tatu hakijafunga, hata kama hakiumi, kionyeshe. Hili nawaambia hasa wanaotafuna tambuu na kuberi, kwa sababu saratani ya ulimi huanza kimya kimya.

Ukiwa hapo hapo hospitali pima damu. Hedhi nzito na kuhema kwenye ngazi kunanifanya nishuku chuma. Ukipewa vidonge usivimeze na chai, chai inazuia chuma kuingia. Na kama hujapima VVU muda mrefu, pima pia, ni kawaida tu kwa mwenye vidonda vinavyorudi. Dawa ya meno badilisha: geuza tyubu, ukiona sodium lauryl sulfate kwenye viambato, ndiyo inayotoa povu, iache, tumia isiyo nayo kwa miezi miwili mitatu uone. Baadhi ya watu hupata nafuu kwa hilo peke yake.

kijana_wa_Tandika:
Bibi yangu alikuwa anasaga aspirini anaweka juu ya kidonda, siku mbili kimekwisha. Mnazungushana bure.

tabibu_wa_kinywa:
Kijana, aspirini ni tindikali. Inaunguza nyama ya mdomo mpaka inakuwa nyeupe, maumivu yanapotea kwa muda kwa sababu pameungua, kisha kidonda kinabaki kikubwa kuliko kile cha mwanzo. Imezwe, isibandikwe.

mama_chatini:
Kijana mwache, mie nilishaambiwa na maji ya betri. Tabibu, hivi vinavyohama je, nipake nini? Na ninaweza kupaka halafu nikaonja?

tabibu_wa_kinywa:
Kuna dawa ya kubandika ya triamsinoloni, inayotuliza uvimbe na maumivu, ile iliyotengenezwa kwa ajili ya kinywani, si krimu ya ngozi. Kausha pale kwa kitambaa safi, gusisha kiasi kidogo, usisugue, ikae kama utando. Anza siku ile unapohisi kuchoma, usingoje kifunguke. Ukionja urojo itatoka, kwa hiyo paka baada ya kula na usiku ukishapiga mswaki. Kikipita wiki moja hakuna nafuu, acha kuipaka, urudi kwa daktari. Dawa ya kusukutua ya klorheksidini nayo inasaidia, ila ukiitumia na chai meno yanashika rangi.

Vikianza kutokea sehemu za siri pia, au macho yakawa mekundu yanauma, mwambie daktari siku hiyo hiyo. Huo unaweza kuwa ugonjwa mwingine, una dawa zake.

Kazini onja kabla ya kutia pilipili, na ukishapoa. Chumvi na ndimu utaviona hapo.

Baharia_Likoni:
Na huyo mtoto muachishe kazi, anakuharibia jina.

mama_chatini:
Nishamuondoa. Anauza vigae vya muhogo sasa.