Flight 29 Down au Familia ya Robinson: ipi iwafae watoto likizo hii?

Mama Irene (Njiro, Arusha): Habari zenu. Wanangu, wa miaka 9 na 13, wanataka tamthilia ya watoto waliokwama kisiwani, nami nimebaki na mbili: Flight 29 Down ya Marekani, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2005 na kurekodiwa Hawaii, na katuni ya Kijapani ya mwaka 1981 iliyotokana na The Swiss Family Robinson, kitabu cha Johann David Wyss. Mngechagua ipi?

Baba Godi (Kibosho, Moshi): Ningechagua ya Wamarekani bila kusita. Ndege yao ndogo inaanguka wakiwa njiani kwenda Palau kupiga kambi, rubani anaondoka na baadhi ya abiria kutafuta msaada, na vijana saba wanabaki peke yao. Hapo ndipo utamu ulipo, kwa sababu bahari haiwasumbui kama wanavyosumbuana wenyewe kuhusu maji, moto na nani aongoze. Nathan na Daley wanaugombea uongozi kwa nguvu zote, kisha kura zinamwangukia Jackson, kijana mkimya ambaye hakuuomba. Binti yangu alicheka akasema ndivyo walivyompata kiranja wa darasa lao. Tena kila mmoja hujirekodi kwa kamera, akisema yale asiyothubutu kuwaambia wenzake.

Mwalimu wa Sakina: Kwa huyo wa miaka 13, sawa. Wa miaka 9 ningemwanzishia katuni, kwa kuwa kisiwani wapo mama na baba, ambaye ni daktari, na mtoto anaweza kuogopa dhoruba bila kulala na hofu ya kuachwa. Wyss aliandika wavulana wanne. Wajapani wakamwingiza Flone, msichana mtundu, hadithi ikawa yake. Kasoro ni mwendo: sehemu ni 50, na nyumba ya juu ya mti inapanda taratibu kama zetu, ambazo husubiri mwisho wa mwezi.

Mama Irene: Mdogo si mwoga, Mwalimu. Juzi nimemkuta uani ameelekeza miwani ya babu yake kwenye jua, chini yake majani makavu ya mgomba, anasubiri moshi.

Baba Godi: Basi huyo atampenda Lex, ndugu wa kambo wa Daley, mdogo kuliko wote na mwenye ufundi kuliko wote. Mwonyeshe, ila miwani ya mzee ifichwe kwanza.