Kizibao cha kuakisi kwa waendesha baiskeli: mimi nasema tuanze na mzigo

Wakuu, heshima zenu.

Hoja ninayotaka kuijibu ni hii: mwendesha baiskeli asiingie barabara kuu usiku bila kizibao cha kuakisi mwanga, na asiyevaa apigwe faini. Wanaoiunga mkono hutaja Ufaransa, ambako tangu 2008 kizibao ni lazima nje ya miji usiku au wakati wa ukungu, na Italia, iliyopitisha sheria kama hiyo 2010.

Hakuna anayetaka baiskeli zionekane kunizidi. Juzi usiku natoka Chalinze, nimepita Mlandizi, mbele nikaona weusi nikadhani ni kivuli cha lori. Kumbe ni mtu na magunia mawili ya mkaa. Nilimkwepa, lakini mikono ilinitetemeka mpaka Kibaha. Gari la kilomita 80 kwa saa hula mita 22 kila sekunde. Ukimwona mtu akiwa mita 40 mbele yako, hata sekunde mbili huna.

Usiku ule nilijiuliza: angevaa kizibao, ningemwona? Nisingemwona. Magunia yalikuwa yamepangwa juu ya keria mpaka yakapita mabega, na mimi nilitokea nyuma. Mgongo wake sikuuona kabisa. Sheria ya Ufaransa inamfaa mtu anayeendesha mgongo ukiwa wazi. Kwetu nyuma ya mgongo kuna gunia, madumu ya maji, kreti za soda, na kule Shinyanga kuna abiria. Tukiiga sheria ile neno kwa neno, tutamvika mtu kizibao kisha tukifunike na mkaa.

Halafu ile rangi ya njano kali inatudanganya wengi. Mchana hung'aa kwa sababu hugeuza miale ya jua tusiyoiona kuwa mwanga tunaouona. Jua likizama, kazi yake imekwisha. Usiku kinachosaidia ni ile michirizi ya rangi ya fedha inayourudisha mwanga wa taa za gari kulikotoka, na kwenye vizibao vya bei rahisi hiyo ndiyo huwahi kubanduka.

Wapo watakaosema Denmark imethibitisha. Kweli, jaribio lao ni zuri. Walihusisha waendesha baiskeli 6,793, karibu nusu wakapewa jaketi la njano la kuvaa mwaka mzima. Waliopewa waliumia katika ajali za kugongana na wengine kwa asilimia 47 pungufu. Watafiti waliporekebisha hesabu, kwa kuwa washiriki walijiripoti wenyewe, ikawa 38. Si kidogo. Lakini wale walijitolea na jaketi walipewa bure. Italia, ambako ilikuwa amri, utafiti uliochapishwa 2018 haukuona kwamba sheria ilipunguza ajali za baiskeli.

Kwa hiyo mimi napendekeza utepe wa kuakisi, kama ule ulio nyuma ya malori, ufungwe juu ya mzigo wenyewe, na vipande viwili vifundoni mwa miguu. Gunia halifiki kwenye vifundo. Tena hupanda na kushuka na pedali, na majaribio ya Australia yalionyesha kwamba mwendo huo humsaidia sana dereva kutambua kuwa aliye mbele ni mtu. Utepe wenyewe ugawiwe vijijini kandokando ya barabara kuu, pale mkaa unapopakiwa.

Faini siitaki. Mtu anayesukuma mkaa kilomita arobaini usiku kucha hana akiba. Ukimpiga faini, baiskeli italala kituoni na nyumbani watalala njaa. Na siku akigongwa, swali la kwanza litakuwa "alivaa kizibao?", na mwendo wa dereva hautaulizwa. Sisi wenye magari ndio tunaopita vijijini kwa 90 penye kibao cha 50. Nami nimewahi, na ninajuta.

Wanaotaka faini, nipeni hoja zenu, nitazisoma zote. Ila zaidi nataka kumsikia aliyewahi kubeba mkaa usiku: huo utepe ungeufunga wapi, usichubuliwe na gunia wala kuzibwa na mipira ya tyubu?