Hilux dizeli ya kubeba pikipiki mbili na kulala porini, nianze na nini?

Kijana wa Cheyo
Wakuu mwangaluka, na wa Kigoma mwakeye. Nipo hapa Tabora mjini, nina Hilux dabo kabini ya 2004, dizeli, injini 5L ile isiyo na turbo, 4x4 inaingia vizuri na chasisi haijawahi kuchomelewa popote. Mimi na jamaa yangu tuna pikipiki za porini, yake Yamaha DT 125 yangu Honda XL 125, na tumechoka kuziendesha zenyewe kwenye lami mpaka Uvinza au kule Sikonge, unafika porini mgongo umekufa na zile tairi za vipande zimelika kabla hujagusa tope. Wazo ni gari libebe zote mbili, tulale hukohuko siku mbili tatu tuzunguke halafu turudi. Safari nyingine wife na mtoto watakuwepo.

Nilichonacho kichwani mpaka sasa ni bampa la chuma na winchi (mashine ya kamba ya kulivuta gari likinasa) mbele, taa za juu, tairi kubwa, fremu juu ya bodi halafu tenti la kukunja likae juu ya fremu na pikipiki chini yake. Kuna fundi pia ananishawishi tufunge turbo ili gari lisizubae kwenye milima ya Kasulu. Hela ipo ya kwenda kidogokidogo. Wenye uzoefu naanza na nini, na je pikipiki mbili kweli zinakaa kwenye dabo kabini?

Spana 14
Kaka turbo achana nayo. 5L ni lita tatu kasoro kidogo, pampu ya kimakanika, farasi zake ni kama mia hivi basi, imetengenezwa ivute hewa yenyewe na hivyo ndivyo inavyodumu. Injini za familia ya L hedi zake hazipendi joto, ukiichemsha vizuri mara moja tu ufa unao. Na turbo peke yake haikupi kitu mpaka fundi aongeze mafuta kwenye pampu, mafuta yakiongezeka joto linapanda, sasa weka mzigo wa pikipiki mbili na kilima mchana wa mwezi wa kumi ndo utamjua huyo fundi ni rafiki au siyo.

Hela ya turbo ipeleke huku. Rejeta ishushwe ifunguliwe isafishwe ndani, siyo kupuliziwa maji kwa nje ikang'aa. Feni ile yenye klachi iangaliwe kama inashika injini ikipata moto. Mipira ya maji badilisha yote. Themostati wasikutolee, nawajua hao wa "Tabora joto bwana haina kazi", ina kazi sana. Mkanda wa taimingi kama hujui ulibadilishwa lini hesabu kwamba haujabadilishwa, wake ni kilomita laki moja hivi, ukikatika valvu zinakutana na pistoni na safari imeishia hapo. Halafu funga geji ndogo ya joto ya pembeni, ile ya dashibodi inakaa katikati imetulia kama haioni, ikija kupanda umeshachelewa.

Tairi kubwa nazo fikiria mara mbili. Ukiongeza kimo cha tairi ni kama umerefusha gia zote, na injini yako nguvu hizo za kugawa haina. Saizi iliyoandikwa kwenye gari, ila chukua zile za mzigo zenye maandishi LT au C, basi.

Nguruka Express
Mkuu Spana mimi natofautiana. Kwa nini ahangaike na 5L, auze aongeze hela achukue yenye 1KD, ile D-4D lita 3, turbo imetoka nayo kiwandani, hiyo milima ya Kasulu anapanda huku anaongea na simu.

Spana 14
Nguvu sijakataa. Ila yeye anaenda kulala porini, siyo kupanda kilima cha lami. 1KD ni komoni reli, yaani dizeli inasukumwa kwa presha kubwa sana, nozeli zake zinataka dizeli safi, wewe wa Nguruka unajua kabisa mafuta ya kwenye madumu yanavyokuwa, maji na mchanga humohumo. Na zile washa (pete ndogo) za shaba chini ya nozeli zikianza kupitisha moshi, masizi yanaingia kwenye oili, oili inakuwa lami, kichujio cha chini kwenye sampu (bakuli la oili) kinaziba, pampu haivuti, injini inakufa taa ya oili ikiwa ndo kwanza imewaka. Anayejua kuihudumia aitumie, ni injini nzuri. 5L ukiwa Kaliua au Uvinza fundi yeyote wa trekta anaifungua na inawaka.

Hata hiyo 5L usiidharau kwa mafuta mabaya. Chujio la dizeli lina koki chini ya kutolea maji, ifungue kila baada ya kujaza mafuta ya njiani, na dumu lako mwagia kupitia kitambaa kizito.

Boda Mstaafu
Mwakeye mkuu, niko Mwanga hapa Kigoma. Naona watu wamezama kwenye injini na swali la pikipiki hakuna aliyelijibu.

Bodi ya dabo kabini ni mita moja na nusu hivi. XL au DT ni mita mbili na kidogo. Kwa hiyo mlango wa nyuma haufungi, unaushusha na tairi za nyuma zinatokeza nje, wenye singo kabini wao wanafunga mlango na kuondoka ila wife na mtoto watakaa wapi. Zinaingia mbili, zote zinatazama mbele, moja unaisogeza nyuma kidogo ili usukani usipishane na mwenzake kwa nguvu. Tatizo ni kwamba zile waya mbili zinazoshika mlango hazikutengenezwa kubeba pikipiki inayorukaruka kwenye makorongo. Tafuta chaneli mbili za chuma au mbao ngumu ndefu, zianzie kule mbele kwenye kabini zipite juu ya sakafu mpaka nje, tairi zipande humo, uzito ulale kwenye sakafu na mlango ubaki kufuata tu. Kama namba ya gari iko mlangoni ihamishie kwenye bampa maana mlango ukishuka haionekani, na weka kitambaa chekundu nyuma, trafiki wa njia hii wana macho.

Kufunga sasa, hapa ndo wengi wanaharibu. Mikanda ya racheti, siyo mpira wa tyubu wa boda, mpira unavutika na kila shimo pikipiki inapata nafasi ya kucheza mpaka ipate nafasi ya kulala. Mikanda miwili mbele kwa kila pikipiki, inashika karibu na shingo ya usukani, siyo kwenye mpira wa kushikia, halafu inashuka imetanuka kulia na kushoto hadi kwenye pembe za bodi. Tairi la mbele la ile pikipiki isiyosogezwa nyuma liguse kabini. Kaza mpaka shokapu za mbele zizame kama nusu. Ukizizamisha zote ukaenda nazo hivyo Tabora mpaka Kigoma sili zitaanza kulia mafuta. Dawa ni kipande cha mbao kinachosimama kati ya tairi la mbele na ile bano inayoshika shokapu kwa juu, hapo unakaza, mbao inazuia, shokapu haizami zaidi kwenye shimo na mkanda haulegei. Mkanda wa tatu unashika tairi la nyuma lisihamehame. Stendi ya pembeni ikunje, ukiiacha chini inatoboa sakafu. Na funga koki ya petroli, vinginevyo utafika kabeureta imemwagika na harufu imekaa hadi kwenye unga.

Simama baada ya kilomita chache kaza tena. Kila mara inakuwa imelegea, kila mara.

Fremu yako ya tenti juu ya pikipiki mimi siiafiki. Usukani wa pikipiki ikisimama ndani ya bodi unazidi paa la kabini, kwa hiyo fremu iwe juu zaidi ya hapo halafu tenti juu yake, unatembea na ghorofa. Kata kona moja ya kushuka kwenda ziwani utanitafuta.

Mama Kambi
Mdogo wangu Kijana wa Cheyo, kabla hujaenda kwa mchomeleaji shika kalamu. Gari lako lina kibati kinachoonyesha uzito wa mwisho unaoruhusiwa, toa uzito wa gari tupu, kinachobaki ndo chako. Hizi dabo kabini nyingi unapata kati ya kilo 800 na tani.

Sasa hesabu. Pikipiki mbili ni 230 hivi. Watu wanne na mikoba yao 300. Bampa na winchi 80 au zaidi. Fremu na tenti la kukunja 100. Maji lita 60 ni kilo 60, huwezi kupunguza hapo kama una mtoto. Dumu mbili za dizeli 34, petroli ya pikipiki 15. Jeki, sepetu, spana, jiko, sufuria, unga, tairi ya pili, weka 80. Umefika 900 na hujabeba godoro. Na karibu nusu yake imekaa nyuma ya ekseli au juu kabisa, ndo mahali pabaya. Dabo kabini chasisi yake inapinda hapo nyuma ya kabini, mzigo unaning'inia nyuma huku gari linaruka kwenye matuta, na wale wanaoweka mifuko ya hewa kusaidia springi ndo wanaharakisha kwa sababu uzito wote unasukuma sehemu moja. Ongeza jani moja la springi kila upande na shokapu nzuri, usikubali majani ya lori, gari likiwa tupu litakutupa.

Kwa hiyo anza kufuta. Winchi futa, mko wawili, majembe mnayo na nguvu mnazo. Taa za juu futa, usiku porini unalala. Tenti la kukunja futa, chukua tenti la chini la turubai lenye sakafu nzito, mkifika pikipiki zinashuka bodi inabaki wazi watoto wanalala humo. Hela nunua pampu ya upepo ya kuchomeka kwenye betri, geji ya tairi na mbao mbili za kukanyagia. Huku kwetu Tabora mchanga ukikunasa unashusha upepo hadi PSI 20 hivi unatoka mwenyewe, ukirudi kwenye barabara ngumu unajaza. Kwenye mbuga nyeusi (ule udongo mweusi wa kunata) mvua ikinyesha hakuna cha upepo wala cha winchi, geuza urudi.

Na turubai la kivuli usinunue la bluu!! Wote wananunua la bluu kwa sababu ndo limejaa madukani. Mbung'o wanafuata bluu na nyeusi, ndo maana mitego yao inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizo, na wanafuata kitu kinachotembea pia kwa hiyo gari ukisimama wamekuja nalo. Ukiwa upande wa Ugalla au Inyonga utakula chakula cha mchana huku na wewe unaliwa. Chukua kaki. Angalia juu pia kabla hujapanga kambi, miti ya huku ina mizinga, usiegeshe pikipiki zinazonguruma chini ya nyuki wa mtu.

Kijana wa Cheyo
Shikamoo Mama Kambi, umenifutia gari lote 😂 lakini hesabu imeniingia. Turbo basi, winchi basi. Sasa siku ya familia ambapo mtoto na wife wapo na mimi bado nataka pikipiki zangu, tela dogo halifai? Au ile karia ya chuma inayochomekwa nyuma kwenye bampa ikabeba pikipiki moja imesimama kwa upana.

Boda Mstaafu
Hiyo karia ya nyuma kwa pikipiki ya kilo 115 kwenye barabara zetu hapana. Umechukua ule uzito ambao mama amekukataza nyuma ya ekseli ukausogeza nyuma zaidi.

Tela sawa, mimi natumia, lakini liwe jepesi, chini kabisa, tairi na rimu zilezile za gari ili spea iwe moja, na uzito mwingi kidogo ukae mbele ya ekseli ya tela, ukiuweka nyuma tela linaanza kutikisa mkia ukizidisha mwendo. Kwenye lami ni starehe. Kwenye mchanga mzito au njia za wachoma mkaa tela ni nanga, hapo unaliacha kijijini kwa mtu unaendelea na pikipiki.

Mama Kambi
Marahaba. Kijijini hapo ndo unapoanzia hata kama huna tela. Unapita kwa mwenyekiti au mtendaji unasema sisi ni fulani tunalala upande ule, mnabeba vitambulisho vya NIDA wote, hasa ukiwa Kigoma karibu na mpaka, utaulizwa. Msitu wa hifadhi uliza ofisi ya TFS (wakala wa misitu wa serikali) kwanza. Ugalla sasa ni hifadhi ya taifa tangu 2019, humo pikipiki za starehe sahau.

Spana 14
Na mimi swali moja tu kwa mwenye gari. Hiyo geji ya joto imeshanunuliwa au bado unaangalia taa za juu?

Kijana wa Cheyo
Bado mkuu. Kesho rejeta inashuka, nikiifungua naweka picha hapa mnitukane vizuri. Mwenye chaneli za chuma za mita mbili na nusu hapa Tabora asizozitumia anicheki.